Milango ya Gari la Mzee Badawi

Kamachumu, Muleba
10 Machi 2013

Kwa mwanangu Teopista, uliye mbali na migomba yako,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Mvua imeanza vizuri, kahawa imechanua, ukipita nyuma ya nyumba asubuhi unadhani mtu kamwaga manukato. Mgongo wa bibi yako umetulia tangu apate yale mafuta uliyotuma. Ng'ombe wa Ma Rosina amezaa ndama dume, naye anatangaza kana kwamba kazaa yeye.

Barua yako ya Januari ilifika. Nakushukuru kwamba umenisikiliza ukaandika badala ya kupiga simu. Simu ikikatika inaondoka na maneno yako yote, mimi nabaki nimeshika kipande cha plastiki. Siwezi kwenda jumuiya nikawaambia watu shikeni simu mwone mwanangu alivyosema. Karatasi wanaiona. Wanaona na stempu.

Niliisoma Alhamisi baada ya rozari, hapa hapa nyumbani, nimevaa gauni langu la busuti, lile la zambarau. Nilipofika pale unaposema madam wako wa Jumeirah Village Circle amehama nchi, na kabla ya kuhama akakutafutia kazi ya usafi na chai kwenye gereji ya Al Qusais, Ma Rosina akatikisa kichwa kwa huruma. Nikamwambia ngoja, usihurumie mapema. Nikaendelea: wamekutoa kwenye ufagio wakakupa milango na madirisha ya gari la zamani. Akasema, "Mwanamke anatengenezaje mlango wa gari?" Nikamjibu, "Kama baba yake anavyotengeneza wa nyumba, ila huu una tairi." Mke wa katekista alicheka akamwaga kahawa.

Mimi niliishia darasa la nne, unajua, lakini padre mwenyewe amesema sauti yangu ya kusoma ingefaa ambo, yaani pale mbele wanaposomea masomo. Kwa hiyo usiniaibishe na barua fupi. Andika kama mtu anayeongea. Gari ni la nani, la rangi gani, lina milango mingapi. Watu wananiuliza njiani na mimi sipendi kujibu "sijui", halijanikaa mdomoni neno hilo.

Baba yako anakusalimu sana. Anasema ufanye kazi kwa bidii na umtangulize Mungu. Angeandika mwenyewe ila yuko kwenye karakana anapiga randa, na vumbi la mbao lingechafua karatasi.

Mimi mama yako,
Severina, mama wa fundi


Al Qusais, Dubai
21 Aprili 2013

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo Bibi. Nawasalimu wanajumuiya wote mnaosikiliza, na Ma Rosina hongera kwa ndama.

Mimi mzima. Nakaa chumba kimoja na wasichana wengine watatu, Mkenya mmoja na Waganda wawili, tunapika kwa zamu na zamu yangu ndiyo inayosubiriwa. Misa yetu tunasali Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko huku. Siku ya kwanza nilidhani nimetenda dhambi, sasa nimezoea.

Sasa gari. Ni gari la Kiingereza la mashindano ya zamani, viti viwili tu, paa la turubai, la mwaka 1952. Limekuzidi umri, Mama, na miaka yako sitaitaja mbele ya watu. Ni la Mzee Badawi, mwenyeji wa hapa, anakaa Al Twar. Zamani lilikuwa la kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemfundisha kuendesha. Kaka alifariki, gari likakaa bandani miaka mingi. Mzee anakuja karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, na chupa yake ya kahawa na tende, anakaa kwenye kiti cha plastiki anatutazama. Anasema kaka yake alikuwa akifunga mlango wa gari lile kwa kidole kimoja, anataka tena kuona hivyo kabla hajafa.

Mlango wake nje ni bati, lakini ndani, Mama, ni mbao. Kweli kabisa. Fremu nzima ni mbao iliyoungwa kwa ulimi na tundu kama anavyounga Baba. Tulipobandua bati, fremu ilimomonyoka mkononi kama muhogo uliooza. Gereji nzima ni watu wa chuma na rangi. Msimamizi wetu, Mhindi mpole wa Kerala, akauliza nani anajua mbao. Nikaweka sinia la chai chini.

Nimekata fremu mpya kwa kufuata vipande vya zamani. Mbao yao ni ngumu, nyeupe, inapinda bila kuvunjika, inatoka Ulaya. Dirisha ni kioo kinachoshuka ndani ya tumbo la mlango ukizungusha mkono. Njia yake naivika kitambaa laini kama mahameli. Njia ikipinda hata kidogo, kioo kinalia, na kikilia sana kinapasuka. Austine, Mkenya anayepaka rangi, ananitania, "Teo, hii mlango yako unaibembeleza kuliko mtoto. Ikikua itakununulia shamba?" Namwambia bora yangu inakua, rangi yako inakaukia kwenye kopo.

Hayo ndiyo ya kusoma. Karatasi ya pili usiisome kwa watu.

Mama, acha kunitungia salamu. Baba hasemi "umtangulize Mungu". Baba akisema kitu husema "shika hapa". Nilikuwa mkono wake wa pili tangu nilipomaliza shule, nikamwacha katikati ya milango ya kanisa jipya, na nilisikia alichosema nilipokuwa nafunga begi: kwamba hakunifundisha kupachika milango ili nikafute ya wenzangu. Tangu siku ile hajatamka jina langu, Elisante, yule kijana wa kwetu aliye huku Dubai, aliniambia alipotoka likizo. Sikulaumu. Nauliza kitu kimoja tu. Unaposoma barua zangu, huwa yupo karibu?

Teo


Kamachumu
2 Juni 2013

Mwanangu Teopista,

Hapa salama, ila senene wa mwaka huu walikuwa haba, tuliambulia bakuli moja, nikakukaangia na wewe sehemu yako halafu nikaila kwa niaba yako. Bibi anakusalimu. Anauliza kama huko kuna kuni.

Barua yako, mwanangu, sijui nianzie wapi. Safari hii walikuja mpaka wa jumuiya ya jirani. Niliposoma "Shikamoo Bibi" bibi yako akaitika marahaba kwa sauti kana kwamba umeketi mkekani. Niliposoma kwamba mzee wa watu anakaa kwenye kiti cha plastiki anamtazama mwanangu akifanya kazi, nikasimama kidogo ili liwaingie. Nikaongeza, kwa kinywa changu, kwamba yule ni kama sheikhe. Hukuandika hivyo lakini hukukataza. Ma Rosina akasema mwanawe aliye nesi Mwanza naye anatazamwa na madaktari. Nikamwambia kutazamwa na daktari si jambo la kujivunia, wote hutazamwa wakiumwa.

Karatasi ya pili nimeielewa. Salamu za baba yako ni za kweli. Mimi ni mke wake, nazijua hata asipozisema.

Umeuliza kama huwa yupo. Karakana iko hatua chache na dirisha letu, unajua mwenyewe. Nilipokuwa nasoma alikuwa anapiga randa kwa nguvu kuliko kawaida, nikawa napandisha sauti. Nilipofika kwenye ile fremu ya mbao, randa ikanyamaza. Ikakaa kimya mpaka mwisho wa barua. Kesho yake, yuko kwenye uji, akasema, hakusema na mimi, alisema na kikombe: "Mbao nyeupe inayopinda bila kuvunjika. Sasa hiyo gundi inaishikaje kwenye joto lile." Nikasema, "Nimwandikie nimuulize?" Akasema, "Nimemuuliza nani kitu?" Akaondoka, uji ukabaki.

Kwa hiyo andika kuhusu gundi. Usiseme nimekuambia.

Baba anakusalimu. Ndiyo, tena sana.

Mama yako,
Severina


Kamachumu
25 Agosti 2013

Mwanangu, mbona kimya?

Sijaona barua tangu ile ya mlango. Kila gari la posta likipanda kilima natuma mtu parokiani, anarudi mikono mitupu. Nimepiga ile namba ya simu, yule msichana Mkenya akasema uko kazini, unaendelea vizuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefundishwa la kusema. Mimi mwenyewe nimefundisha watu la kusema, naijua sauti hiyo.

Huku wazima. Kahawa tumeanika. Bibi anakula vizuri. Basi sasa nikueleze aibu iliyonipata, ucheke kidogo kama una sababu ya kutocheka.

Alhamisi watu walikuja kama kawaida, wakauliza habari za gari. Ningewaambia nini? Nikaingia ndani nikatoka na ile barua ya Aprili, nikaikunjua kama iliyofika jana. Nikasoma salamu haraka haraka, nikaruka ndama, nikasoma ya mbao, halafu nikaendelea kusoma yasiyoandikwa. Kwamba milango imekwisha. Kwamba sheikhe amefunga kwa kidole kimoja na kulia machozi. Kwamba wamekupa cheo. Nilisoma vizuri, Teo, hata mimi nilitaka kulia. Watu wakapiga makofi.

Baba yako akatokea mlangoni, nywele zimejaa vumbi la mbao. Akasema mbele ya watu wote, "Hiyo ni ile ya Aprili." Nikamwambia, "Matia, wewe unajuaje, nawe huisikilizi?" Akasema, "Ya Aprili inaanza kwa kumpongeza huyu kwa ndama wake, halafu wasichana wanne chumba kimoja, halafu misa ya Ijumaa. Ya kufunga kwa kidole ni kaka mtu aliyekuwa akifunga, si leo. Na cheo hakimo." Akarudi karakana.

Nilitamani mkeka unifunike. Ma Rosina alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Lakini usiku nilipolala nikawaza: mtu huyu anaijua barua ya mtoto wake neno kwa neno, na mimi ninayeisoma nimekosea. Aibu yote ikaniisha.

Kwa hiyo safari hii sikuletei salamu zake. Nakuletea hilo tu. Ulichukue vile utakavyo.

Sasa niambie kuna nini. Kama umeumwa niambie. Kama wamekufukuza niambie, nitajua la kuwaambia watu, hilo niachie mimi.

Mama yako asiyelala,
Severina


Al Qusais
20 Septemba 2013

Mama,

Shikamoo. Shikamoo Bibi. Hakuna cha kusoma kwa watu safari hii. Barua yote hii ni karatasi ya pili.

Siumwi. Nilikuwa nashindwa kuandika. Nisamehe kwa kukuacha unasoma hewa, ingawa Austine nilipomsimulia alisema, "Mathe wako aende redioni, anapoteza kipaji."

Milango imenishinda. Ilikuwa imekwisha, Mama. Mwezi wa sita nilikuwa nimeipachika yote miwili, nafasi kati ya mlango na bodi sawasawa juu mpaka chini, inafunga kwa mlio mmoja mzito, vioo vinapanda na kushuka kama vimepakwa samli. Nilitaka kukuandikia siku ile, nikasema ngoja gari litoke kwenye rangi, niandike barua kubwa.

Likapakwa rangi. Wakarudisha injini. Wakaliteremsha likasimama kwenye tairi zake, Mzee Badawi akaitwa. Akaja amevaa kanzu mpya. Akanyoosha kidole chake kwenye mlango wa dereva, mlango ukagoma. Ulikuwa umebana juu. Akausukuma kwa kiganja, ukagoma. Msimamizi akausukuma kwa nguvu, ukaingia, ukakwaruza rangi mpya, na kioo ndani kikatoa mlio nikajua kimekwenda. Kilipasuka kutoka pembeni mpaka pembeni. Mzee alikaa kwenye kiti chake, akamimina kahawa, akasema, "Nitasubiri, inshallah." Heri angenitukana.

Msimamizi anasema mbao yangu imejikunja kwa sababu ya joto. Nimeipima mara nyingi, haijajikunja. Nikiitoa na kuiweka mezani imenyooka. Nikiirudisha kwenye gari haiingii. Nimeparura hapa nimeparura pale, sasa naogopa nitaimaliza. Wanasema labda walete fremu za kununua kutoka Uingereza, wazipachike wenyewe. Wameamua wasubiri mpaka mwezi wa kumi na moja joto lishuke, ndipo waamue. Kwa sasa nimerudi kwenye ufagio na chai. Sinia ni lile lile.

Kile ulichoniletea kuhusu Baba nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyopima mbao. Ndiyo maana nakuomba usimwambie haya. Alisema nimekuja kufuta milango ya watu, nami nilitaka apate kujua kwamba naitengeneza. Sasa kweli naifuta. Asijue, Mama.

Barua hii anakuja nayo Elisante, amepata likizo. Gundi inashika vizuri hata kwenye joto, ni ya kuchanganya mbili. Hilo unaweza kulisoma.

Teo


Kamachumu
14 Oktoba 2013

Mwanangu Teopista,

Sisi wazima, Bibi mzima, mvua za vuli zinakuja. Mengine baadaye.

Elisante alifika, kijana wa heshima, kanenepa. Nilisoma barua peke yangu jikoni. Nilikuwa nimekusudia kukutii, Mungu ananiona. Jioni nikawa namwaga ndizi sahanini, baba yako akauliza, "Elisante kaleta barua?" Nikasema kaleta. "Husomi Alhamisi?" Nikasema hakuna la maana, gundi inashika hata kwenye joto. Akatafuna. Akasema, "Kurasa mbili zote ni gundi?" Kumbe aliziona mkononi mwangu. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza, Teo, kila mtu anajua kuna msiba. Akasema, "Soma."

Nikamsomea. Yote. Ya ufagio pia. Kama ni kosa nilaumu mimi, lakini usiniambie ningefanya vingine.

Aliinuka. Akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa, akarudi na kalamu yake ya seremala na hii karatasi. Akasema, "Muulize. Alipopachika milango, gari lilikuwa limekaa juu ya nini? Na injini ilikuwa ndani au nje?" Nikasema Matia, mimi sijui mambo ya injini. Akasema, "Wewe andika. Yeye atajua." Kisha akachora ule mchoro ulio nyuma ya karatasi hii. Nyumba ni ile ya mwalimu mkuu, anasema unaikumbuka, fundi wa matofali alitaka tupachike milango kabla ya kuezeka, tukamkatalia kwa sababu uzito wa paa ukishuka unazisogeza fremu, mlango uliokuwa sawa unabana. Mishale inayoshuka ni uzito, na ile alama ndogo ni bawaba ya juu, izamishwe zaidi. Anasema gari lisilo na paa ni baya zaidi, halina cha kulishika juu, litajikunja kiunoni kama kitanda cha kamba. Mbao haina kosa. Anasema hivyo: mbao haina kosa, asiiparure tena.

Nilitaka kukimbilia kukupigia simu. Akasema mchoro hauendi kwenye simu. Elisante anarudi Jumapili, ndiye anayeuleta.

Nikamwambia, "Basi mpe mtoto na salamu." Akasema, "Muulize hilo la uzito kwanza." Nikamwambia mtu hawezi kutuma mishale bila salamu. Akaenda kulala. Ndivyo ilivyokuwa, siongezi kitu. Ila usiku wa manane aliniamsha kuniuliza kama niliandika "asiiparure tena". Nikamwambia niliandika. Akaniamsha tena kuuliza kama niliipigia mstari. Nimeipigia.

Mama yako,
Severina


Al Qusais
24 Novemba 2013

Mama, Bibi, na wanajumuiya wote,

Shikamooni. Barua hii isomwe yote, kwa sauti, na Mama avae busuti.

Gari lilikuwa juu ya stendi nne, halina injini, halina viti, halina tairi. Nilipoona ule mchoro nilikaa chini pale pale kwenye mlango wa chumba chetu, mwenzangu akadhani nimefiwa. Nyumba ya mwalimu mkuu nilishika ngazi mwenyewe. Nilisahau kwa sababu nilidhani gari si nyumba.

Nilimpelekea msimamizi karatasi. Aliitazama sana, akaigeuza juu chini, akaniuliza hii ni nyumba? Nikasema ni nyumba. Akacheka, akasema yeye maisha yake yote ni magari ya chuma yenye paa, milango ya mbao hakuwahi, tujaribu, yalla. Tukalegeza bawaba zote gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, injini ndani, tangi limejaa. Nikasema haitoshi, panahitajika uzito wa watu. Austine akaingia kiti cha abiria akasema, "Mimi ndio gunia ya majaribio." Kiti cha dereva kikabaki. Mzee Badawi akauliza tunamsubiri nani, nikamweleza. Akaweka kikombe chini akaingia mwenyewe. Akakaa kule ndani karibu asubuhi nzima, mikono kwenye usukani, hataki kutoka hata kwa chai, tukampelekea pale pale.

Baba, shikamoo.

Mchoro wako ulikuwa sawa, ila mahali pamoja haukukubali. Ulichora tuizamishe zaidi bawaba ya juu ndani ya mbao. Kwenye gari huwezi, mbao hapo imebeba kila kitu. Nilikata vibati vyembamba nikaviweka nyuma ya bawaba ya chini, kimoja kimoja, mlango ukawa unapanda unywele kwa unywele mpaka ukakaa. Ningependa ungekuwepo useme "shika hapa", kwa sababu nilishika peke yangu. Fremu sikuiparura tena. Kule nilikoparura kwanza niliongeza kipande, nikakiunga kwa ulimi na tundu, hakionekani. Wewe ungekiona.

Kioo kipya kilikatwa Sharjah. Kinapanda bila sauti.

Niliondoka ukiwa unanihitaji, na sikukuja huku kukimbia milango yako. Nilitaka kuona kama mkono ule unafaa mahali ambapo hakuna anayejua ni mtoto wa nani. Unafaa. Lakini kila aliyeniuliza nilijifunzia wapi, nimemwambia Kamachumu, kwa Mzee Matia.

Mzee Badawi alifunga kwa kidole kimoja. Kisha akafungua akafunga tena, upande wa pili vilevile. Akasema neno moja tu, khalas, yaani imekwisha, akaenda kusimama nje juani, akatupa mgongo. Msimamizi amenipa gari lingine. Ufagio anao mtu mwingine.

Mtoto wenu,
Teopista


Kamachumu
9 Januari 2014

Mwanangu Teopista,

Heri ya mwaka mpya kutoka nyumba iliyojaa kelele. Bibi mzima, Krismasi alikula kuku peke yake karibu wote. Mahindi yameota. Mke wa katekista anakusalimu, na Ma Rosina anakusalimu, na nitakueleza kwa nini salamu zake sasa ni za unyenyekevu.

Barua yako ilifika wiki ya Noeli. Nikavaa busuti, kama ulivyoagiza. Watu walijaa mpaka uani. Nikafungua kinywa kusema "Mama, Bibi", baba yako akaingia, amenawa, amevaa shati la kanisani, akanyoosha mkono. "Leta," akasema. Nikadhani anataka kuona stempu. Akatoa miwani mfukoni, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kusoma.

Anasoma vibaya, Teo, lazima niseme ukweli. Anasoma kama anayekata ubao mgumu, anasukuma, anasimama, anasukuma. Pale pa Austine na gunia hakucheka, akakosesha watu kucheka, mimi ningepasoma vizuri sana. Akafika kwenye mstari wako. Akasoma, "Baba, shikamoo." Akasimama. Watu wakadhani neno linalofuata ni gumu. Mwalimu mkuu akanyoosha shingo amsaidie. Baba yako akavua miwani, akasema, "Marahaba." Akasema tena, polepole, "Marahaba, Teopista." Kisha akavaa miwani akaendelea na vile vibati, kana kwamba hakuna lililotokea, na hapo hakukosea neno hata moja.

Hapakuwa na aliyepiga makofi. Nilishindwa kutazama watu, nikatazama kahawa za kutafuna kwenye kikapu cha kisonzo, na bibi yako akanishika goti.

Alipomaliza, Ma Rosina, unamjua, akasema, "Kumbe mchoro wa mzee ulikosea." Nikavuta pumzi nimjibu. Baba yako akanitangulia. "Ulikosea," akasema. "Mimi nimemfundisha mpaka mahali fulani, kutoka hapo ameendelea mwenyewe. Wa kwako Mwanza anaendelea?" Mwanangu, nimeishi na mtu huyu miaka yote hii sikujua kwamba anaweza kusema namna hiyo. Tangu hapo Ma Rosina ananisalimu yeye kwanza.

Sasa shida ni yangu. Tangu siku ile hakai karakana. Mteja akija kuulizia kitanda anasimuliwa gari. Padre alikuja kuona bawaba za kanisa, akasimuliwa gari. Sokoni amewachorea watu mavumbini jinsi uzito unavyoshuka, na kibati kinapokaa, na anasema "binti yangu" kila baada ya maneno mawili. Juzi nilimkuta bibi mmoja wa Rutenge njiani nikaanza, "Mwanangu aliyeko Dubai," akasema, ah, mama, tumeshaambiwa na mzee, vibati nyuma ya bawaba ya chini. Nikafunga mdomo nikapita. Kazi ya kukusifu niliifanya peke yangu tangu ulipoondoka, nimeporwa mchana kweupe na mtu ambaye hata kusoma hasomi vizuri.

Anauliza hilo gari lingine lina milango ya namna gani, na ujibu haraka. Anauliza likizo yako ni lini, kwa maana amepokea kazi ya milango ya zahanati na hataki kuanza na mkono wa kuazima. Hayo amesema yeye, kwa kinywa chake, nikiwa nimeshika kalamu, na alisimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika kama alivyosema.

Na mimi nina ombi moja. Ukiandika tena, andika nakala mbili. Hii ya Novemba sijaiona tangu Noeli. Anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Mama yako, anayekupenda kuliko huyo,
Severina